Bwawa la Samaki Likivuja, Tupime Kabla ya Kulaumiana

Tukizuru vikundi vya kujisaidia hapa Nakuru, kuanzia Bahati na Subukia mpaka Njoro na Gilgil, kuna swali moja ambalo tumeulizwa mara nyingi: "Bwawa letu la samaki halishiki maji. Tufanye nini?" Katika toleo hili tumeona tulijibu kwa urefu, kwa sababu tumegundua kwamba bwawa likivuja, si maji peke yake yanayopotea. Pesa za kikundi hupotea, na mara nyingine kikundi chenyewe huvunjika.

Tuanze na yale tuliyoyaona kwa macho yetu.

Kikundi kimoja upande wa Bahati kilichimba bwawa dogo, urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, katika shamba la mama mmoja mwanachama. Waliweka vifaranga 150 vya ngege walivyonunua kwa michango ya meri-go-raundi. Miezi miwili ya kwanza mambo yalikuwa sawa. Kiangazi kilipoingia, maji yakaanza kushuka. Wakaweka zamu ya kuleta maji, mikokoteni miwili ya punda kila siku, na kila mkokoteni unalipiwa. Hata hivyo maji yakaendelea kushuka.

Hapo sasa ndipo maneno yalipoanza. Kwanza walisema wa zamu hawaleti maji yote. Halafu mtu akaangalia sukuma wiki ya yule mama mwenye shamba, iliyokuwa chini kidogo ya bwawa. Jirani zake wote mboga zimekauka, yake ni kijani kibichi! Ikasemwa ati usiku anafungua paipu ya kutolea maji ili anyweshe mboga zake. Aliposikia hayo aliacha kuja mikutanoni. Mwanachama mwingine alidai mchango wake na kuondoka.

Tulipofika tuliombwa tuamue nani ana makosa. Tulisema hatuwezi kuamua, lakini tunaomba ndoo moja, fimbo moja na siku mbili. Ndoo hiyo ndiyo iliyotatua kesi. Tutaeleza.

KWA NINI MABWAWA YA HUKU KWETU YANAVUJA SANA

Udongo wa sehemu nyingi za Bonde la Ufa umetokana na majivu na mawe mepesi yaliyotupwa na volkeno kama Menengai na Longonot zamani za kale. Ukichimba utaona tabaka za mchanga wa kijivu na zile kokoto nyepesi ambazo ukizitupa kwenye maji zinaelea. Udongo huu ni mzuri kwa viazi kwa sababu hautuamishi maji. Kwa bwawa, sifa hiyo hiyo ndiyo shida.

Wengi wetu tunakumbuka mwaka wa 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi. Mabwawa 200 yalipangwa kuchimbwa katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila bwawa likiwa la mita mraba 300. Watu wengi walijifunza kufuga samaki wakati huo. Lakini bwawa la ukubwa huo likipoteza sentimita moja tu ya maji kwa siku, hizo ni lita 3,000, yaani mitungi 150 ya lita 20. Nani atabeba mitungi 150 kila siku? Ndiyo maana bwawa lililochimbwa kwenye udongo mwepesi bila kuzibwa vizuri halikawii kugeuka shimo la nyasi.

Kuongeza maji tu si dawa. Yale maji ya kijani ndani ya bwawa ni chakula cha ngege, na mmeyatengeneza kwa mbolea na kwa subira. Yakivuja, rutuba huenda nayo. Halafu ngege hupenda joto. Hukua vizuri kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30, na yakishuka chini ya 20 hula kidogo na kukua pole pole. Usiku wa Nakuru ni baridi, na mkimwaga maji mapya ya baridi kila siku mnazidi kuwachelewesha samaki. Bandu bandu huisha gogo.

HATUA YA KWANZA: PIMENI KWA NDOO

Kila bwawa hupoteza maji kwa jua na upepo, hata lisipovuja. Huku kwetu ni kama nusu sentimita kwa siku, na siku za jua kali na upepo mwingi hukaribia sentimita moja. Kwa hivyo swali ni hili: maji yanakwenda juu hewani, au yanakwenda chini ardhini? Ndoo itawajibu.

1. Tieni jiwe zito ndani ya ndoo ili isielee. Isimamisheni ndani ya bwawa mahali pasipo na kina kirefu, mdomo wake ukiwa juu ya maji ili mawimbi yasiingie.

2. Jazeni ndoo kwa maji ya bwawa mpaka maji ya ndani yawe sawa na ya nje. Wekeni alama ndani ya ndoo.

3. Kando ya ndoo pigeni kigingi chini ya bwawa, na mkiwekee alama pale maji yanapofika.

4. Kwa siku mbili msiongeze maji, msifungue paipu, na mifugo isinywe hapo. Mvua ikinyesha, anzeni upya.

5. Baada ya siku mbili pimeni kwa rula maji yameshuka kiasi gani ndani ya ndoo, na kiasi gani kwenye kigingi.

Ndoo haivuji, kwa hivyo kilichopungua ndani yake kimechukuliwa na jua na upepo. Bwawa likiwa limeshuka zaidi ya ndoo, tofauti hiyo ndiyo inayovuja.

Ili kujua ni lita ngapi, zidisheni urefu wa bwawa kwa mita, mara upana kwa mita, mara sentimita zilizopotea, halafu mara 10. Kule Bahati ndoo ilishuka sentimita 1 kwa siku mbili, na bwawa likashuka sentimita 6. Tofauti ni 5, yaani 2.5 kwa siku. Kwa hivyo 10 mara 5 mara 2.5 mara 10 ni lita 1,250. Hizo ni zaidi ya mitungi 60 kila siku! Mikokoteni miwili haikuweza kutosha, hata kama wa zamu wangekuwa malaika. Na paipu tulikuwa tumeifunga kwa kamba na kuitia lakiri mbele ya wote. Haikufunguliwa.

Tofauti isipozidi nusu sentimita kwa siku, msihangaike. Hakuna bwawa la udongo lisilonyonya maji kabisa, na bwawa jipya hunyonya zaidi mwanzoni mpaka tope litulie. Ikizidi sentimita moja, kuna kazi ya kufanya.

HATUA YA PILI: TAFUTENI MAHALI PENYEWE

Jambo la kwanza ni kuacha maji yashuke yenyewe, lakini mkiwaangalia samaki kila asubuhi. Kama tundu liko ubavuni, maji yatashuka mpaka usawa wa tundu, halafu yataacha kushuka kwa kasi. Hapo mzunguke bwawa lote mkiangalia usawa huo huo. Yakiendelea kushuka bila kusimama, basi tatizo liko chini kabisa, au kwenye paipu ya kutolea maji.

Angalieni pia nje ya kingo. Je, kuna mahali penye unyevu wakati kwingine kumekauka? Kuna nyasi au mboga zilizo kijani kuliko nyingine? Kuna mashimo ya fuko au mchwa? Kuna mizizi ya mti uliokatwa, ambayo inaoza na kuacha njia? Paipu inapopita kwenye ukingo je, pembeni yake pako imara?

Mkishuku mahali fulani, chukueni udongo mwekundu laini, mkoroge na maji ndani ya karai, kisha mmwage pole pole karibu na hapo bila kuvuruga maji. Ule wekundu ukivutwa upande mmoja, mmepata mlango.

Bwawa la Bahati lilishuka kama sentimita 35, halafu likatulia. Katika usawa huo tulikuta tundu linaloingia mkono. Fuko alikuwa amechimba kutoka upande wa shamba akapita katikati ya ukingo. Njia yake ilitokea wapi? Kwenye sukuma wiki ya yule mama. Ule ukijani uliotumiwa kama ushahidi wa wizi ulikuwa ushahidi wa tundu. Watu walinyamaza kwa muda mrefu. Mwenyekiti ndiye aliyevunja kimya akasema, "Mama, tulikukosea."

HATUA YA TATU: WATUNZENI SAMAKI

Tundu likiwa juu, kama lile la Bahati, mnaweza kuwaacha samaki katika maji yaliyobaki na kufanya kazi ubavuni. Lakini mkilazimika kukausha bwawa, msingoje mpaka samaki wapigepige kwenye tope. Pangeni mapema.

Siku moja kabla ya kuwahamisha, msiwape chakula. Wahamisheni alfajiri kabla jua halijapanda, kwenye bwawa la jirani au kwenye mapipa yaliyowekwa kivulini. Msitumie pipa au mtungi uliowahi kuwa na dawa ya mifugo, dawa ya mimea au mafuta. Jazeni kwa maji ya bwawa lao lenyewe, na msiwabane wengi mahali pamoja. Mkiongeza maji ya kisima, yamwageni kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Samaki wakipanda juu na kufungua midomo, hewa imepungua: badilisheni sehemu ya maji mara moja.

Mkiwarudisha, shusheni chombo chao ndani ya bwawa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, halafu muwaachie waogelee wenyewe. Mshtuko wa joto na baridi huua samaki wengi kuliko watu wanavyodhani.

HATUA YA NNE: ZIBENI KWA NJIA IFAAYO

Kosa tunaloliona kila mahali ni kuziba tundu upande wa nje. Maji yana nguvu, yanasukuma kutoka ndani. Ukiziba nje yatatafuta njia nyingine, na ukingo mzima utalowa. Zibeni kutoka upande wa maji.

Tundu la ukingoni. Msitie tu kiganja cha udongo kama mtu anayeziba panya. Fuateni njia yote kwa sepetu mpaka mwisho wake, na mchimbe mpaka mfike udongo mgumu. Kisha jazeni udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka baada ya tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 15, na kila moja lishindiliwe kwa gogo kabla ya kutia jingine. Udongo wa kichuguu hufaa sana. Fuko ategwe kwa mtego. Msitumie sumu karibu na bwawa, maana sumu haichagui.

Paipu ya kutolea maji. Maji hupenda kutembea kando ya paipu. Fukueni, kisha mshindilie udongo wa mfinyanzi kuizunguka pande zote, hasa chini yake ambapo watu husahau.

Chini ya bwawa kote. Hapa kuna njia tatu, kulingana na mfuko.

Ya kwanza ni tabaka la mfinyanzi. Tandazeni udongo huo wenye unyevu chini na ubavuni, unene wa sentimita 15 hadi 30, na kuushindilia. Mwenye ng'ombe anaweza kuwaingiza watembee humo. Kwato zao ni mashine nzuri. Usiachwe ukauke, maana utapasuka nyufa. Tieni maji mapema.

Ya pili ni samadi na majani. Tandazeni samadi mbichi ya ng'ombe au nguruwe chini kote, juu yake majani ya migomba au nyasi zilizokatwa, na juu yake udongo. Shindilieni, mkalinde kwa unyevu wiki mbili au tatu. Vitu hivyo vikioza bila hewa hufanya utelezi unaoziba vitundu vya udongo. Ndipo mjaze maji, na msitie samaki mpaka harufu mbaya iishe.

Ya tatu ni laina, ile karatasi ngumu ya plastiki ya mabwawa. Kwa udongo wa kokoto nyepesi mara nyingi ndiyo suluhisho, lakini ni ghali. Kabla ya kuitandika ondoeni kila jiwe na mzizi, na mweke udongo laini chini yake. Kingo zake zizikwe kwenye mtaro ili jua lisizichome na mbuzi wasizitoboe. Ikitoboka, utepe wa kawaida hautashika. Safisheni na kukausha, kisha mtafute fundi wa laina aiunganishe kwa joto au kwa kiraka maalum.

Kama mtatumia saruji, kumbukeni kwamba saruji mpya hutoa chokaa inayoua samaki. Jazeni na kumwaga maji mara kadhaa kwa wiki mbili au tatu kabla ya kurudisha samaki.

TANGI LA KIOO

Shule au kikundi cha vijana kinaweza kuwa na tangi dogo la kioo la kuoneshea samaki. Likivuja, kanuni ni ile ile. Maji yakisimama usawa fulani, hapo ndipo penye kasoro. Kausheni nje kwa kitambaa, na mpange karatasi kavu kuzunguka miguu ya tangi; karatasi itakayolowa kwanza itawaonyesha kona. Hamisheni samaki, limwageni, likauke kabisa. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani, kwa hivyo ikwangueni yote ya ndani kwa wembe. Nunueni ile ya matangi ya samaki, si ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Iacheni ikauke siku mbili au kadiri ilivyoandikwa kwenye chupa, kisha mlijaribu tangi nje ya nyumba kwa siku nzima. Lakini kioo kilichopasuka msikizibe. Kibadilishwe, kwa usalama wa watoto.

ONYO: MAJI MACHAFU YAKITOKA

Maji yanayotoka nje ya ukingo yakiwa safi, mna muda wa kupanga. Yakiwa na tope, maana yake yanabeba udongo wa ukingo, na tundu linakua kila saa. Punguzeni maji mara moja, na watu na watoto waondoke upande wa chini. Sisi watu wa Nakuru hatuhitaji kukumbushwa sana. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua nyingi, bwawa kubwa la shamba lilivunjika kule Solai na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Bwawa letu la samaki ni dogo, na hatusemi litafanya hivyo. Tunasema maji hayadharauliwi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mkishindwa, muoneni afisa wa samaki wa kaunti. Tangu 2013 huduma hiyo iko chini ya serikali za kaunti. Nendeni na vipimo vyenu vya ndoo, atawasaidia upesi zaidi.

KITABU CHA MAJI

Kikundi cha Bahati kiliziba tundu kwa siku tatu. Tuliporudia kipimo, ndoo ilishuka sentimita 1 na bwawa sentimita 1.5 kwa siku mbili. Mikokoteni ya punda ilisimamishwa, na pesa hizo sasa zinanunua chakula cha samaki. Yule mama alirudi. Yule aliyechukua mchango wake hakurudi, ingawa alitumiwa ujumbe mara mbili. Maneno ni kama maji: yakishatoka hayazoleki.

Siku hizi wana daftari la shilingi chache. Kila Jumatatu mtu wa zamu huandika maji yako wapi kwenye kigingi, na mwingine hutia sahihi. Ni kazi ya dakika tano. Siku maji yatakaposhuka tena, watafungua daftari kwanza kabla ya kufungua mdomo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Bwawa au tangi letu linapoteza sentimita ngapi kwa siku? Nani amepima?

2. Tunatumia pesa ngapi kwa mwezi kununua maji? Je, kuziba kungegharimu zaidi ya hapo?

3. Udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu unapatikana wapi karibu nasi?

4. Kuna mwenzetu tuliyemlaumu kwa hasara ya kikundi bila kupima? Tutamwendeaje?